Chetezo Kilichoachwa Kensington

Dada yangu Mwana,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata daftari langu ambalo huliambia kila kitu. Ile nyumba ya Kensington hatukunyang'anywa. Hakuna mpangaji mwingine aliyetuwahi. Mimi ndiye niliyeikataa, kwa simu ya Mama, nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako na sare ya shule bado mwilini.

Ningeendelea kunyamaza kama usingenitumia zile picha juzi. Umenitumia nyumba mbili na ujumbe wa sauti, unacheka: "Mkaguzi, kazi hiyo. Moja iko Ibadan, moja iko huku ukingoni mwa Lagos, mtaa mpya kabisa, hata barabara haijaisha. Shemeji yako anataka ya Lagos. Mimi nimechoka kukaa kwa mama mkwe, nitakwenda popote. Chagua wewe, jicho lako nalijua. Ijumaa tunatakiwa tutoe jibu." Nimeusikiliza mara nne. Kila ukifika kwenye "jicho lako nalijua" naizima simu. Si haki nikuchagulie nyumba na wewe hujui nilivyoifanya kazi hiyo mara ya mwisho.

Ningekupigia, lakini unanijua kwenye simu. Nasema "ndiyo" na "sawa" mpaka mtu anachoka. Kwa hiyo naandika, halafu nitapiga picha kila ukurasa nikutumie. Soma ukiwa peke yako.

Unaikumbuka Jumamosi ya magodoro? Mimi nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na sita. Tulikuwa na miezi michache tu tangu tutoke Tanga tuje huku kusini, Baba ameshazikwa, tunalala sebuleni kwa watu. Akatokea yule mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Alimpa Mama ufunguo, akamwambia afungue mwenyewe. Mama akafungua, akaona chumba, akaona bomba linatoa maji, akaamini, akamlipa kodi. Nani angetilia shaka mlango aliofungua kwa mkono wake?

Jumamosi tukapanda ngazi na godoro, wewe mbele, Mama nyuma, mimi nimebeba sufuria kichwani kama kofia. Tukamkuta Mama Furaha ndani anakaanga samaki. Nakumbuka alivyotutazama, mwiko mkononi, bila hasira hata kidogo. Mama akamwonyesha ufunguo wetu. Mama Furaha akatoa wake kwenye sidiria. "Mama, hata miye niko na ufunguo," akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Na yangu njo ilifungula mbele." Yaani wake ndio uliotangulia kufungua. Kabla hatujajua la kujibu, akafika yule baba wa Kizimbabwe na vyuma vya kitanda begani, akatupisha kwa heshima, akachomeka ufunguo wake mlangoni, ukazunguka. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Watu wazima watatu walicheka kwenye korido ile mpaka Mama akakaa chini akaanza kulia. Jioni msimamizi halisi wa jengo akatutoa sote.

Tulipokuwa tunashuka ulinishika mkono ukaniambia, "Ufunguo unafungua mlango, haukwambii nyumba ni ya nani." Ulikuwa na umri nilionao mimi leo. Sijui ulilitoa wapi neno lile, lakini nililiandika siku niliyojua kuandika vizuri, ukurasa wa kwanza wa daftari.

Daftari lile unalijua, ulilinunua wewe kwenye spaza, kile kiduka cha chini, lenye jalada la twiga. Baada ya kuhamia huku Hillbrow, ghorofa ya kumi na mbili, na Mama Furaha akapata chumba ghorofa ya tano, hukutulia. Kila mwaka ulisema mwakani tunatoka. Kila Jumapili tulikwenda kutazama nyumba, na ulinifundisha kutazama. Hesabu madumu ya maji nje ya milango; yakiwa mengi, bomba ni pambo. Gonga ukuta. Fungua maji ya moto hata kama unaambiwa yapo. Msalimie mlinzi wa mlangoni, na uangalie kama anamtupia dalali jicho kabla ya kukujibu. Nikawa naandika, na maswali yakawa thelathini na moja. Ulipenda kuniambia mbele ya madalali, kwa sauti, "Soma namba kumi na nne," nami nasoma, "Nyumba hii ni ya nani?" huku natazama viatu vyangu, na dalali anaanza kutoka jasho.

Mwenyewe hukujua nilivyokuwa nafurahi. Shuleni sikuwa na neno. Kwenye nyumba za watu nilikuwa na maswali thelathini na moja.

Namba thelathini na mbili alitaka kuiongeza Shemeji, wakati huo hajawa shemeji, ni jirani tu wa ghorofa ya tisa anayetengeneza simu. Nitakwambia ukweli mwingine mdogo: yeye ana ukurasa wake nyuma ya daftari. Nimeandika: "Kwa nini anajua Mama hutoka saa ngapi? Kwa nini simu ya Dada inaharibika kila Alhamisi? Kwa nini anasema assalamu alaykum kwangu na kwa Mama, halafu kwa Dada anasema habari?" Usicheke. Nilikuwa kazini.

Lakini siku ile ya mvua alinishinda. Tulikuwa watatu chini ya mwavuli mmoja kule Berea, mvua ya saa tisa ile yenye mawe, tunatazama jengo upande wa pili wa barabara. Wewe ulitaka tukajikinge. Yeye akakataa, akasema kwa Kiingereza chake cha kuimba kwamba nyumba haitazamwi kwenye jua. "Kwetu Lagos dalali anakuita Januari. Njia imekauka, ukuta umepakwa rangi, hata mbwa ameogeshwa. Ukirudi Julai unaingia sebuleni kwa mtumbwi."

"Na wewe ulirudi Julai?" ukamuuliza.

"Sikurudi. Nilikuwa ndani. Nilikaa juu ya friji siku nzima na mjomba wangu, tunakula mkate."

Ulicheka mpaka mwavuli ukageuka, tukaloa sote. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye dari ya baraza ya jengo lile kama mtu anayemwaga ndoo. Hatukuvuka hata barabara. Tangu siku ile hatukutazama nyumba bila mvua, na kwangu mimi ilikuwa dhahiri kwamba yule mtu hatakaa ghorofa ya tisa milele, na hataondoka peke yake.

Ndipo nikaanza kusikiliza. Mnajua wote kwamba nikiwa na kitabu huwa sisikii, na mimi niliwaachia muamini hivyo. Nilikuwa nyuma ya pazia, wewe na Mama mnakunja nguo alizoshona. Mama akakuuliza kwa sauti ya chini, "Na huyu mtu wa watu, unamwambiaje?" Ukajibu, "Nimemwambia asubiri. Siwaachi kwenye ngazi hizi. Nikishawaona mmekaa mahali pa maana, ndipo nitaondoka." Mama akasema, "Basi Mungu atupe haraka." Wewe ukasema amina.

Mimi sikusema amina. Nilifungua ukurasa ambao nilikuwa nimeshausoma.

Baada ya wiki tatu ndiyo ikaja Kensington. Lile tangazo ulilitoa wewe kwenye duka la viungo karibu na msikiti, limeandikwa kwa mkono. Vyumba viwili nyuma ya nyumba ya yule mama muuguzi mstaafu, jiko, mlango wake peke yake, mlimau uani. Tulikwenda Jumapili na mvua ikatusindikiza kuanzia kwenye taa za barabarani za kona mpaka getini. Nilikuwa na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Nikaanza namba moja. Madumu: hakuna, kuna tangi. Ukuta: mkavu. Maji ya moto: yalinichoma. Mlinzi: hakuna, kuna mbwa mzee aliyemlalia Mama miguuni. Yule mama akajibu kila swali bila kutazama saa. Alipochoka akaleta kiti, akakaa, akasema niendelee.

Nilifika namba thelathini na moja sijaandika alama ya kosa hata moja. Wewe ulikuwa umeshaanza kupima madirisha kwa mkono kwa ajili ya mapazia. Mama alikuwa amesimama jikoni, ameweka kiganja juu ya meza ya zege. Nami nilianza kuogopa. Miaka tisa tunatazama nyumba, na kila nyumba ilikuwa na kitu. Nyumba isiyo na kitu, nilijiambia, ni nyumba ambayo kitu chake sijakiona.

Nikafungua kabati la chini ya sinki. Kulikuwa na chetezo.

Cha udongo, kama chetu, mdomo umeungua upande mmoja. Ndani mlikuwa na majivu, na pembeni vipande vya ubani vimefungwa kwenye karatasi ya fedha ya chokoleti. Niliinama pale kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Dada, wewe na mimi tunajua chetezo kinavyohama. Ndicho cha mwisho kutoka na cha kwanza kuingia. Mama alikibeba chetu kutoka Tanga mapajani, siku zote zile za basi, kimefungwa kwenye kanga, na kwenye mipaka yote aliwaambia askari ni chungu cha dawa. Mtu wa kwetu anaweza kusahau kitanda, lakini chetezo hakisahau. Anayekiacha ametolewa mbiombio, au amebebwa.

Yule mama muuguzi alikuwa mlangoni, hatua tatu kutoka kwangu. Alikuwa anasema kwa Kiingereza kwamba aliyekuwa anakaa pale ni mtu wa kwetu, bibi mtulivu, ameondoka siku mbili tu zilizopita. Mama akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema aliyekuwepo ameshatoka," nikajibu.

Hayo tu. "Mtu wa kwetu" nilimeza. "Siku mbili" nilimeza. Ulimi ninao, na Kiingereza cha kuuliza swali moja zaidi nilikuwa nacho: kwa nini ameondoka? Nilifunga kabati kwa goti.

Jumanne jioni ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mama. Unajua utaratibu wetu: Mama anashona, simu inalia, ananirushia mimi, namsomea. Siku ile alikuwa ameshuka kwa Mama Furaha kupeleka sketi. Yule mama ameandika kwamba amezungumza na wengine watatu, lakini anatutaka sisi, kwa sababu hajawahi kuona mtoto anayeuliza vile. Tuje Alhamisi tuandikishiane. Nilisoma nikaona ndiyo hasa maneno ambayo tapeli angeandika. Mtu mwenye haraka. Mtu anayekusifu. Nikajibu kwa adabu, kwa jina la Mama, kwamba tunashukuru sana lakini tumepata kwingine.

Mama aliporudi nikamwambia wamempa mtu mwingine. Alisimama kidogo na kanga mkononi. "Haya," akasema. "Haikuwa riziki yetu."

Wewe ulikuwa umeshaanza kufunga sahani kwenye magazeti, maana ulikuwa na hakika. Uliketi chini ukaanza kuzifungua, moja moja, na mimi nikawa napokea magazeti nayakunjua nayapanga. Zilikuwa sahani kumi na mbili na mabakuli manne. Ningeweza kusema kwenye sahani ya kwanza. Ningeweza kusema kwenye ya kumi na mbili.

Miezi mitatu baadaye uliondoka hata hivyo, na harusi yako ilikuwa nzuri, na Mama alicheza. Kwenye uwanja wa ndege ulinikumbatia ukaninong'oneza, "Usiache kumsomea Mama ujumbe wake." Ulidhani nalia kwa ajili ya safari.

Sasa sikiliza nilichokijua mwezi uliopita, kwa maana kama si hicho nisingekuwa na cha kuandika.

Tulikwenda kwenye harusi kule Fordsburg, binti wa mteja wa Mama. Mama alikuwa jikoni anapakua, mimi nimekaa ukutani na sahani yangu. Bibi mmoja akaja kukaa karibu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mbona nakula kama ndege, akaniuliza tunakaa wapi.

"Hillbrow, ghorofa ya kumi na mbili."

"Na lifti?"

"Lifti ni jina tu, Bi."

Akacheka. Akaniambia anaitwa Bi Rukia, mtu wa Pangani, sasa yuko kwa mwanawe. "Nyumba ya mwanangu nzuri, lakini darini kuna kidude. Ukifukiza tu, kinapiga kelele kama mbuzi anachinjwa. Zamani nilikuwa na pangu, Kensington, nyuma ya muuguzi mmoja. Mwanamke wa watu yule. Miguu ndiyo iliyonitoa, mwanangu hakutaka niwe peke yangu." Akanitazama sawasawa. "Duka la viungo waliniambia mjane wa Tanga na mabinti wawili wamechukua lile tangazo, mkubwa mrefu, mdogo ana daftari. Nikasema hao wa kwetu, wasije wakaingia nyumba baridi. Siku ya kutoka nikafukiza vyumba vyote, nikawaachia chetezo na ubani. Wakaikataa. Ni nyinyi, au nimekosea?"

"Ni sisi, Bi."

"Mlipata nzuri zaidi?"

Dada, nilisema ndiyo.

"Alhamdulillahi," akasema, na alifurahi kweli. "Basi chetezo ni chenu. Muuguzi alinirudishia, lakini kitu ukishakitoa kwa watu hukitwai tena. Njoo ukichukue."

Nilikwenda Jumatano baada ya shule. Kimekaa chini ya kitanda changu wiki tatu, kimefungwa kwenye jezi yangu ya michezo. Kila Mama akifagia naruka kumpokonya ufagio, na yeye anadhani nimekuwa mtoto mwema.

Nimejaribu kujitetea. Nimejiambia kwamba sisi ni watu wa ufunguo mmoja na familia tatu, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni kweli. Lakini nimejihoji kama tulivyokuwa tunawahoji madalali, na jibu langu lina ufa. Kama ni chetezo tu kilichonitisha, ningekuita jikoni. Ungekuja, ungeinama, ungeuliza, na mambo yangekwisha palepale. Sikukuita kwa sababu nilikuwa nimesikia nyuma ya pazia kwamba nyumba nzuri ndiyo itakayokuondoa. Nilikuwa natafuta dosari namba moja hadi thelathini na moja, sikuipata, na nilipoyaona majivu yale nilishukuru. Ndiyo hilo. Nilishukuru.

Kwa hiyo Mama amebaki kwenye ngazi, wewe umeondoka na deni la moyo, na mimi nimebaki na kitanda chako nakitazama.

Picha zako nimezitazama pia, siwezi kujizuia. Hii ya Lagos, picha zote tisa zimepigwa ndani. Hakuna hata moja ya barabarani. Chini ya dirisha la sebule rangi ni mpya kuliko ya juu, na inaishia sawasawa kwenye goti la mtu, pande zote nne. Jikoni friji imewekwa juu ya matofali. Nani anapandisha friji juu ya matofali? Nilipoona hivyo nilimshuku Shemeji saa nzima. Yeye ndiye aliyetufundisha mvua, amekaa juu ya friji na mjomba wake anakula mkate, inawezekanaje asiyaone matofali yale? Nikafungua ukurasa wake nyuma ya daftari, nikashika kalamu. Halafu sikuandika, kwa sababu ndivyo nilivyofanya Kensington. Muulize yeye. Muulize mbele ya mama yake ukipenda, lakini muulize kwa mdomo. Pengine anataka tu kuwa karibu na mama yake. Pengine hajazitazama picha.

Hii ya Ibadan sina la kuisema vibaya, na hilo sasa linanitisha kwa namna nyingine. Kwenye picha ya uani kuna mwanamke anaanika nguo. Ana uso wa mtu anayejibu. Nenda kwake.

Lakini sitakuchagulia. Jicho langu linaona, hiyo ni kweli, ila huwezi kujua linaona kwa faida ya nani. Nimeongeza namba thelathini na mbili kwenye daftari, na si mvua: "Mtafute aliyetoka. Muulize kwa nini ametoka. Subiri akujibu."

Sasa nikwambie nilichofanya baada ya kuandika mpaka hapa.

Ilikuwa leo, Jumapili, saa nane mchana. Nilitoa chetezo chini ya kitanda, nikakiweka kwenye meza ya cherehani, juu ya kitambaa alichokuwa anashona. Mguu wa Mama ukasimama.

"Hiki cha nani?"

"Chetu, Mama."

Akatazama kwenye rafu. Chetu kilikuwepo. Akanitazama mimi.

Nikachukua simu yake, nikamtafutia ujumbe wa Kensington, maana sikuwahi kuufuta. Nikamsomea kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, wa yule mama kwanza, halafu jibu. Nikamwambia habari ya Bi Rukia, na la nyuma ya pazia nikamwambia. Alisikiliza akiwa ameshika sindano.

"Huu wa pili nani kaandika?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Ndipo akasema, "Miaka yote unanisomea. Barua za shule, za hospitali, za uhamiaji. Sasa nijue vipi ulichonisomea na ulichokiacha?"

Alikuwa ananitazama kama wewe ulivyokuwa unamtazama dalali nikisoma namba kumi na nne.

Baadaye akaniambia niandike. "Mwandikie muuguzi ukweli. Usimwombe nyumba, ameshaipangisha kwa watu. Mwambie ukweli tu, na umwombe radhi kwa jina lako, si langu." Niliandika mistari sita. Akaniambia nimsomee huku naweka kidole chini ya kila neno. Nikasoma. Akaniambia tena, taratibu. Nikasoma tena. Halafu akachukua simu mkononi mwangu, akavaa kandambili, akatoka. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi. Alishuka mpaka ghorofa ya tano, nikasikia anabisha hodi kwa Mama Furaha, nikasikia anamwita mwanawe, Furaha, aje amsomee.

Nilikaa kwenye ngazi nikasubiri. Walikuwa wanatoka watu na madumu, wananipita. Akapanda polepole, ghorofa saba, anapumzika kwenye kila kona. Alipofika aliniambia, "Ni kama ulivyosema," akabonyeza kutuma kwa kidole chake mwenyewe. Kesho nikitoka shule ananipeleka kwa Bi Rukia. Amesema yeye atakaa tu, mimi ndiye nitakayezungumza.

Furaha amekubali kuzipiga picha kurasa hizi na kumsomea Mama kabla hazijaja kwako. Sikumwomba. Mama ndiye aliyemwomba.

Mdogo wako